Nilivyomsindikiza Bwana Presha

Usiku wa jana niliota nimelala chali chini ya pikapu yangu, sebuleni kwetu Mwanga, nikijiandaa kubadilisha chujio la petroli. Gari lilikuwa limeegeshwa juu ya zulia. Hakuna aliyeona ajabu.

Asubuhi nilipaswa kumpeleka mdogo wangu Naetwe kwenye harusi yake huko Usangi, na pikapu ilikuwa imeanza kukohoa kila inapoona mlima. Mjomba Senkondo alikuwa ameketi kwenye kochi, akitazama miguu yangu.

"Mpwa wangu," alisema, "ikizima njiani, bibi harusi atamalizia safari juu ya lori la kabichi. Wakwe watacheka mpaka wajukuu wazaliwe."

Naetwe, aliyekwisha kuvaa shela, hakucheka.

"Dada, itapanda?"

"Itapanda."

Kanuni ya kwanza ni kutoa presha kwenye bomba la mafuta kabla ya kulifungua. Nikachomoa fyuzi ya pampu. Presha akatoka. Alikuwa bwana mnene mwenye suti ya kijivu. Akasalimia watu wote, akaketi karibu na Mjomba, akaomba chai.

"Nimetoka," alisema, "lakini sijaondoka."

Najaribu kibana cha bomba. Hakilegei.

"Msukume nje," anashauri Mjomba.

"Usithubutu," linasema chujio kuukuu, kwa sauti ya mtu aliyejaa mchanga puani. "Fundi mmoja alimfukuza. Alirushiwa petroli machoni."

Kwetu mgeni akikaa sana hatumfukuzi. Nikajifuta mikono, nikangoja amalize chai, nikasema, "Twende nikusindikize, Bwana Presha."

"Nilikuwa nangoja mtu aseme hivyo," alijibu. "Wengine hunifungulia mlango tu."

Mlango wa sebule unafungukia barabara ya Usangi. Tunatembea. Ananieleza habari za watoto wake, nami naitikia. Kila kona anapungua unene. Tunapofika juu, suti inamning'inia kama imeanikwa.

"Inatosha, mama. Rudi," ananiambia. "Umenisindikiza vizuri."

Narudi. Kibana kinalegea kwa vidole viwili. Chujio kuukuu linatema mchanga na kutu, linaaga, linakwenda kulala. Nafunga jipya.

Hapo nafanya kosa. Mshale uliochorwa ubavuni mwa chujio unapaswa kuelekea injini. Mimi nimeuelekeza kwenye tangi. Papo hapo mbuzi wa mahari wanatoka zizini kinyumenyume, kwa mstari, kurudi mlimani. Shela ya Naetwe inajikunja na kuingia ndani ya boksi lake. Mshenga anachungulia mlangoni.

"Samahani," anasema, "sijawahi kufika hapa."

"Dada," anasema Naetwe, "sijachumbiwa tena."

"Subiri kidogo."

Nalichomoa chujio, naligeuza, nakaza vibana. Mbuzi wanasimama, wanatafakari, wanarudi. Shela inamkalia Naetwe kichwani. Mshenga anapiga hodi upya, kwa heshima zaidi kuliko mara ya kwanza.

Nawasha. Injini inaitika mara moja. Tunatoka kupitia ukuta wa sebule bila kuuharibu, Mjomba akiwa nyuma na kochi lake. Pikapu inapanda kona zote bila kukohoa. Kwenye kona kali inaimba. Lori la kabichi linatupisha, na kabichi zote zinapiga vigelegele.

Juu Usangi, mama mkwe wa Naetwe anafunga jani bichi la mgomba kwenye kioo cha pembeni.

"Mmefika mapema," anasema. "Hatujapika."

"Tutangoja," anajibu Mjomba, kwa unyenyekevu ambao sijapata kuuona kwake.

Niliamka kumekwisha kukucha. Nje, Naetwe alikuwa amesimama kando ya pikapu, kanga mabegani.

"Dada, hilo chujio unabadilisha saa ngapi? Na hili jani nani amelifunga?"

Kwenye kioo cha pembeni palikuwa na jani la mgomba, bado lina umande wa baridi. Mtaani kwetu hakuna mgomba hata mmoja.

"Kavae," nilimwambia. "Na uwapigie simu wakwe zako. Waambie waanze kupika."