Madume wa Korongo la Sawmill

...na bado anatafuna, Royce, huko kiti cha nyuma, donati ya ngapi sijui tangu watoke nyumbani, anatafuna kwa raha zake kama mtu ambaye hajawahi kukosa kitu, na Verlin jicho lake liko kwenye darubini iliyobanwa juu ya kioo cha pikapu, shavu moja limekufa ganzi kwa baridi ya Desemba, lingine linapigwa na hewa ya moto ya gari, kulungu wako pale ng'ambo ya korongo wanachimba theluji kwa kwato, wazi kabisa, na yeye haoni kulungu, anaona kile kichwa cha dume ukutani kwa mdogo wake Royce, juu ya televisheni, na taa za Krismasi ambazo Corliss, mke wa Royce, amezizungusha kwenye pembe, nyekundu na kijani, zinawaka na kuzimika, zinawaka na kuzimika, kwenye pembe za Askofu... "Majike?" anauliza Ingrid, ofisa wa wanyamapori, karatasi juu ya paja na kidole gumba kwenye kidude cha kuhesabia, jua linapiga kioo cha upande wake kwa hiyo leo macho ni ya Verlin na kalamu ni yake yeye, na Verlin anasema ishirini na sita, kinywa kinasema chenyewe, miaka yote hii ya kujitolea kwenye sensa ya kulungu imekifundisha, Askofu ndilo jina alilompa yeye, Verlin, hakuna mwingine, kwa sababu lile dume lilikuwa linatembea mbele ya wenzake polepole, kifua mbele, utadhani halijawahi kutenda dhambi, alilijua tangu pembe zake zina ncha mbili tu, alijua linalala wapi upepo ukitoka kaskazini, alijua linavuka wapi, na kila mwaka aliomba kibali cha kuwinda kitalu hiki na kila mwaka akakosa kwenye kura, akapewa pointi yake moja ya kufutia machozi, ya kumsogeza mbele kwenye foleni, wenzake kanisani wanamwuliza vipi Verlin, mwaka huu je, pointi, anasema, nimepata pointi, wanacheka, na yeye anacheka nao, zimerundikana hizo pointi mpaka ni aibu kuzitaja, halafu Royce... "Ndama?" Kumi na mmoja, anasema, subiri, ndiyo, kumi na mmoja... halafu Royce, ambaye hakuwa na mpango wa kuwinda hata kidogo, Verlin mwenyewe ndiye aliyemwambia jaza na wewe fomu, huwezi jua, akaijaza huku anaangalia mpira, na nusu ya vibali huenda kwa wenye pointi nyingi lakini nusu nyingine hutupwa hewani, yeyote anadaka, na Royce alidaka, mara yake ya kwanza, akapiga simu akicheka, "Kaka, hebu niambie, hiki ndicho kile unacholiliaga kila mwaka?" Ndicho. Ndicho hicho, Royce. "Basi nipeleke, maana mimi hata njia siijui," na akampeleka, angefanyaje, ni mdogo wake, na kukataa kungekuwa kusema hadharani kwamba anaona wivu, na alikuwa anaona wivu, akatangulia mbele gizani, akamwonyesha kwa kidole, pale, chini ya mwamba, tulia, mwache ageuke, sasa. Risasi moja. Royce aliruka kama mtoto na kumkumbatia, na Verlin akamkumbatia, akashika mguu wa nyuma wa Askofu akamburuta mpaka kwenye gari kwa magoti haya haya mabovu, akapiga picha nyingi nzuri, hayumo hata kwenye moja.

"Madume wangapi, Mzee?" anasema Ingrid, na hapo kinywa kinakwama. Wawili. Anawaona, mmoja mchanga mwenye pembe nyembamba, mwingine wa makamo, shingo imevimba, anamfuata jike kwa nyuma bila matumaini, wawili basi, amepita mteremko mzima toka juu mpaka chini na kurudi, na kuna yule nyuma ya mti wa mreteni, tawi kavu limekaa sawasawa juu ya kichwa, ukitaka kuona pembe utaona pembe, lakini ni jike, anajua ni jike, amemwona akigeuza shingo... wawili, na asubuhi walipokuwa wanapanda Ingrid alisema bila kuficha, mgongo huu wa mlima usipotoa madume watano vibali vya kitalu vitakatwa nusu mwakani, na Verlin alipiga hesabu papo hapo, vikibaki kama vilivyo pointi zake zinamwingiza, mwakani, bila bahati ya mtu, bila kura, haki yake, vikikatwa nusu anabaki nje, na mwaka unaofuata, na unaofuata, mpaka magoti yagome kabisa. Watatu tu wa kuongeza. Aseme watano. Nani atapanda huku na theluji hii kuhesabu upya? Na dume lililokwisha kuangusha pembe huhesabiwa jike kila mwaka, makosa hutokea, kila mtu anajua hutokea, hata Ingrid anajua, haingekuwa uongo mkubwa, ungekuwa... "Mzee?" Ngoja, anasema, wanasogea, na hawasogei, wamesimama pale wanakula kama wamelipwa. Maana akisema wawili, basi Askofu ndiye dume kubwa la mwisho kutoka Sawmill katika maisha yake, na aliyempata ni Royce, basi, mjadala umefungwa, na taa za Krismasi juu.

"Andika kumi, dada!" anasema Royce kutoka nyuma, mdomo umejaa. "Kwani kulungu wana vitambulisho? Andika kumi, huyu bwana apate kibali chake mwakani, na sisi tupumzike na kununa kwake." Ingrid anacheka kidogo, "Royce, usinifukuzishe kazi," na Royce, "Mimi nasema ukweli, kaka yangu amesubiri mpaka mvi zimeota masikioni, mpeni tu," na anampiga Verlin begani, pap, kwa upendo, ndiyo kwa upendo, hilo ndilo linalomchoma, Royce si mtu mbaya, angekuwa mbaya ingekuwa nafuu, anampenda, anamwonea huruma, anampa makombo yake kwa mkono mkunjufu kama alivyompa kule kwa Baba... hapana, asikumbuke ya Baba... kule nyumba ya wazee, Royce ameingia na kichwa cha Askofu mikononi, wauguzi wanapiga kelele, Baba hana macho tena, akanyoosha vidole vyake vikavu akapanda navyo kwenye pembe, ncha moja, ncha nyingine, akafika juu uso wote ukafunguka, akasema, "Verlin. Hatimaye, mwanangu." Na Royce, bila hata kusita, "Ndiyo Baba, ni Verlin huyo, risasi moja tu!" akamkonyeza kaka yake. Akamkonyeza! Kama mtu anayemwachia mwenzake kipande cha keki. Na Verlin alisimama pale, kofia mkononi, na tangu hapo kila Jumapili Baba anamshika mkono na kumsimulia yeye Verlin jinsi Verlin alivyompiga Askofu, kila Jumapili inaongezeka, upepo umeongezeka, umbali umeongezeka, na Verlin anaitika ndiyo Baba, na kila ndiyo inashuka kooni kama mfupa, maana Royce ana vingi kiasi kwamba hata sifa ya Baba anaweza kuigawa na asione pengo... na sasa hili tena. Andika kumi. Mpeni tu. Na akipewa? Tuseme anasema watano, kibali kinakuja, anapanda peke yake Oktoba, anapata dume, linaweza kuwa zuri, linaweza hata kumpita Askofu, anamletea Baba, Baba anapanda na vidole vyake ncha kwa ncha, na Baba atasema... Verlin anaacha kupumua, kioo cha darubini kinaonyesha mgongo wa jike na theluji... Baba atasema, wa pili huyu, Verlin. Wa pili! Lile la kwanza limekwisha kutolewa, Royce alilitoa, halirudi, atawinda mpaka aingie kaburini na kwa Baba litakuwa ni la pili, na kibali chenyewe kitakuwa kimetoka kwenye mzaha wa Royce na donati mdomoni, hata uongo wake mwenyewe hautakuwa wake.

"Wawili," anasema.

Kidude kinalia mara mbili. Royce ameacha kutafuna. "Wawili? Kaka, na yule nyuma ya mti je? Si pembe zile?" Jike, anasema Verlin, tawi lile. "Angalia vizuri basi, usiwe na haraka, mwakani je?" na ndani ya sauti ile kuna uchungu wa kweli, Royce anaumia kwa ajili yake, na Verlin anasikia jinsi anavyoumia na anafurahi, Mungu amsamehe, anafurahi, nimeangalia, anasema, wawili, kwa sauti kubwa kuliko gari lile linavyohitaji, Ingrid anaandika bila kuinua kichwa, na kulungu wapo pale pale, yule wa makamo bado anamfuata jike wake, na wivu haujaenda popote, umekaa pale ulipokaa tangu Oktoba, ila sasa anajua atafanya nini nao, Jumapili ataingia kabla Royce hajafika, atavuta kiti, atamrudishia Royce sifa aliyomgawia, atasema Baba, si mimi, ni Royce, mimi nilimwonyesha tu kwa kidole, na Baba atauachia mkono wa Verlin na kuuliza Royce yuko wapi.