Sahihi ya Inès

Jikoni kwetu Rågsved, nchini Uswidi, binti yangu Inès alinisomea insha yake ya shule, kuhusu mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kuchapisha kitabu cha mashairi. Alikuwa mtumwa. Wakubwa wa mji walimhoji kwanza kama kweli ameyatunga mwenyewe.

"Wakamwamini?" nikauliza.

"Ndiyo," alijibu kwa Kiswidi. "Wote walitia sahihi kwamba mashairi ni yake."

Nikaweka chini kisu nilichokuwa nakatia vitunguu.

"Kumbe mtumwa aliaminiwa. Mimi nilipofika hapa kutoka Burundi nilihojiwa siku mbili na maofisa wa uhamiaji kuhusu jinsi baba yako alivyouawa. Wakaandika kwamba nasema uongo."

Sikuwa nimewahi kumwambia hayo. Inès alifungua ukurasa mpya, akavuta kiti karibu, akasema kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama:

"Nisimulie, mama. Nitaandika yote, halafu nitatia sahihi."