Kipa Mwenye Kola ya Kwaya

Mimi nikiona mpira naona muvi, na nikiona muvi natafuta mahali pa kucheka. Hiyo ndio shida yangu, wacha niiseme mapema. Nilifunzwa na kibanda cha video hapa Migori. Kuna jamaa huweka muvi ya Wachina halafu anaongea juu yake kwa Kiswahili na Dholuo, mpaka hata mtu akikatwa panga unajikuta umeshika mbavu. Sikusomea hii kitu popote. Nilikaa tu kwa benchi nikasikiza, nikaanza kufanya vile vile na mechi za mtaa wetu wa Oruba. Narekodi na simu, naongea juu yake, natuma. Watu wanacheka. Hiyo sauti naipenda kuliko chakula.

Sasa Cephas. Huyu ni kipa wetu, na ni beshte yangu tangu darasa la tatu. Mamake, Mama Bathsheba, ni Mkisii, anauza ndizi sokoni na ni shemasi kwa kanisa la Wasabato. Miaka mbili nzima Cephas alimbembeleza amruhusu kucheza. Mwishowe mama akakubali na sharti moja tu: siku ya Sabato, Jumamosi, asikanyage uwanja. Cephas akaahidi. Na mambo ikaanza kumwendea poa, kocha akamwandikisha kwa majaribio ya timu ya kaunti, Alhamisi ya wiki hii.

Halafu fainali yetu ikaangukia Jumamosi, huko Homa Bay. Na wiki hiyo hiyo kanisa lao lilikuwa na makambi huko huko, mahema, mahubiri, kwaya kutoka kila pembe. Cephas aliimba asubuhi. Saa nane akawaambia wenzake wa kwaya tumbo inamsumbua, akatoka na mlango wa nyuma, akapanda boda mpaka uwanjani. Hakuwa hata na wakati wa kubadilisha. Alivaa jezi juu ya shati la kwaya, kola ya kijani imetokea juu hivi kama ya padri. Aliniomba kitu moja tu.

"Bonface, leo usinishike kwa video."

Nikamwambia sawa. Na nilimaanisha, haki ya Mungu.

Dakika ya themanini, tuko sare, bao moja kwa moja. Straika wao akapiga kashuti ka ovyo, kanatambaa chini polepole, hata nyanyangu angekadaka. Cephas akainama. Mpira ikapita katikati ya miguu yake.

Simu ilikuwa juu tayari. Siwezi kukwambia niliitoa saa ngapi kwa mfuko. Nikaanza kuongea: jameni, kipa amekuja na kola, alidhani mpira imekuja kubatizwa, ameifungulia njia iende mtoni. Maneno ilikuwa inakuja yenyewe. Tukapoteza fainali, Cephas akarudi makambi bila kuaga mtu. Mimi nikakaa nyuma ya gari nikaituma, na kabla tufike Rongo, njiani kurudi, ilikuwa imeangaliwa na watu elfu kumi na mbili. Wachezaji wetu walikuwa wamenuna. Mimi nilikuwa nasoma komenti.

Jumatatu mtu akaitupa kwa grupu ya akina mama wa kanisa. Klipu inatikisika, uso wa kipa hauonekani vizuri. Lakini Mama Bathsheba alijua ile kola. Alizishona yeye mwenyewe, ishirini na nne, za makambi.

Leo akaniita kwao. Nilifika saa tisa. Aliniwekea chai na ndizi, Cephas amekaa karibu na mlango, anaangalia viatu zake. Mama akasema hajamuuliza kijana wake kitu bado, anataka kusikia kwanza kwa mwenye alirekodi. Sauti yake ilikuwa chini, ya heshima. Hiyo ndio ilinitisha.

"Hii mechi ilikuwa siku gani?"

Kwa muvi, beshte wa staa ndiye huruka mbele ya risasi. Nikajiona huyo. Nikasema ilikuwa Ijumaa, mama, watu wa kwaya walikuwa wanajaribu hizo shati kabla ya Sabato, Cephas akakuja nayo tu hivyo. Nikaongeza kamvua kidogo kalinyesha, mpira ikateleza. Nilikuwa moto. Niliona mabega yake yakishuka, akachukua birika akaniongeza chai. Nikajua nimefunga goli.

Halafu akamgeukia kijana. "Ni hivyo, Cephas?"

Cephas akainua macho kutoka kwa viatu. "Hapana, mama. Ilikuwa Sabato."

Mama hakupiga kelele. Aliweka birika chini, akasema Alhamisi hakuna mtu anaenda majaribio. Ndipo akaniangalia.

"Huyu amevunja ahadi yake, lakini amesema ukweli. Wewe umenitungia hadithi ukikula ndizi yangu."

Cephas akanisindikiza mpaka kwa geti. Nikamwambia nitaifuta hiyo video sasa hivi.

"Omera, ndugu yangu, iko kwa simu za watu wote," akasema. Hakuwa amekasirika, alikuwa kama amechoka. "Mambo ya mathe nilijua itafika tu. Hiyo si kitu. Lakini hiyo klipu nimeiangalia kama mara hamsini. Unaanza kucheka kabla mpira ifike kwangu."

Nikamwambia si kweli, ni simu, wakati mwingine sauti hutangulia picha. Alifunga geti.

Sasa nimekaa hapa karibu na daraja, earphone kwa masikio, nairudisha, nairudisha. Straika anapiga. Mpira inatambaa, bado iko mbali. Cephas ameinama vizuri, mikono chini, mtu yeyote angesema anaidaka. Na mimi nasikika nikicheka tayari. Ule jamaa wa kibanda hucheka mapema sababu muvi ameshaiona. Mimi sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nataka tu iingie.

Watu elfu arobaini na moja sasa. Kidole iko juu ya pale pa kufuta na sijabonyeza.

Kocha amepiga simu mara mbili. Najua anataka kuuliza kama kipa yuko fiti ya Alhamisi. Sijashika.