Kivuli cha Fundi wa Majukwaa

Mashine ya fotokopi ilikuwa na tabia ya kukwama kila ilipofika karatasi ya kumi na moja, na mwenye kibanda alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha jirani. Aliifungua ubavuni, akachomoa karatasi iliyojikunja, akaifunga, akaipiga kofi dogo upande wa kulia. Ikaendelea. Mteja aliyekuwa akingoja vivuli vya cheti chake cha kuzaliwa hakuinua hata macho kutoka kwenye simu.

Mtaani walimwita Mama Vivuli, ingawa hakuwa na mtoto. Jina lilitokana na kazi. Mtu akitaka nakala ya hati yoyote alisema "nitolee kivuli", naye akamtolea: vivuli vya vitambulisho, vya hati za nyumba, vya vyeti vya ndoa zilizokwisha kuvunjika. Katika miaka tisa hapakuwa na karatasi ya maana mtaani pale ambayo haikuwahi kulala kifudifudi juu ya kioo chake. Isipokuwa moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya nyumbani kwake.

Mumewe alikuwa fundi wa majukwaa, yale mabomba yanayofungwa kuzunguka jengo ili wajenzi wengine wapate pa kukanyaga. Wakala wa ajira alimpatia mkataba wa kwenda nchi ya mbali kujenga minara, miaka miwili. Jioni ya kuamkia safari Mama Vivuli aliulaza mkataba ule juu ya kioo, akabonyeza. Karatasi ikatoka nyeupe pe. Wino ulikuwa umekwisha; watu thelathini waliokuwa wakienda kwenye usaili siku ile ndio walioumaliza. "Kesho asubuhi," alimwambia mumewe. Asubuhi gari likaja kabla ya mapambazuko, na mkataba ukaondoka mfukoni mwa mwenyewe. Mganga hajigangi. Mama Vivuli aliitia ile karatasi nyeupe kwenye faili, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa karatasi.

Miaka miwili ikapita, ukaja wa tatu, nao ukafika katikati. Barua zilikuwa zimekatika tangu mwaka wa kwanza. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alikwenda ofisini kwa wakala, na afisa wa pale, mtu mpole mwenye kola iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, alimjibu jambo lile lile: bila mkataba hakuna jina, bila jina hakuna mtu, na bila mtu hakuna wa kutafutwa.

"Leta kivuli tu, mama," alimwambia. "Hatuna ubaya na wewe. Kivuli tu."

Kumwambia hivyo yeye, kati ya watu wote! Alirudi kibandani akatoa vivuli vya watu wengine mpaka jioni.

Kilichomshikilia kilikuwa anga. Juu ya nyumba aliyopanga palikuwa na dari la zege lenye kamba za kuanikia nguo, na hapo yeye na wenzake wawili walipanda kuangalia vimondo na kupatwa kwa mwezi. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati, mwenye darubini ya macho mawili ambayo jicho moja lilikuwa na ufa. Mwingine alikuwa msusi wa saluni ya jirani, ambaye kaka yake aliondoka kwa gari lile lile lililomchukua fundi. Mwanzo wa yote alikuwa fundi mwenyewe. Mtu anayefanya kazi juu ya majukwaa hatazami chini, alisema, kwa hiyo akazoea kutazama juu, na alipooa akamzoeza na mkewe.

Kwa vimondo walikuwa na sheria moja, ya Mwalimu: kimondo hakihesabiwi mpaka kionwe na watu wawili. Enzi zile mume na mke walilala chali kwenye mkeka mmoja, bega kwa bega. Mmoja alisema, "Hicho!" Mwenzake akasema, "Nimekiona." Basi. Usiku wa vimondo vingi walisemezana maneno hayo mara sitini na hawakusema kingine, na Mama Vivuli hakuwahi kuwa na mazungumzo ya ndoa yaliyompendeza kuliko hayo. Sasa alilala upande wake wa mkeka. Mwalimu alilinda anga ya kaskazini, msusi alisinzia mapema kwa uchovu wa kusimama kutwa, na yeye akisema "Hicho!" hakujibiwa. Haki ni haki, Mwalimu hakuandika. Mwaka uliopita aliona vimondo arobaini na vitatu, vikahesabiwa tisa.

Mwezi ulipatwa siku ya Jumatano, saa mbili na dakika sita usiku. Kivuli kiliingia kwa chini, taratibu, na Mwalimu alikuwa akimweleza msusi kwa mara ya tatu mwaka ule kwamba hakuna kinachoumeza mwezi.

"Ni sisi wenyewe. Dunia imekaa kati yake na jua, kivuli chetu kinaangukia kule."

"Na sisi tumo humo?" msusi aliuliza.

"Tumo wote."

Darubini ilikuwa mikononi mwa Mama Vivuli. Ukingoni mwa kivuli, pale giza linapokutana na mwanga, aliona mabomba yamefungwa mraba mraba, na juu yake mtu akitembea na bomba jingine begani. Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, na shingo imeinama kama ya mtu anayesikiliza mlangoni.

"Mume wangu huyo," alisema, akampa Mwalimu darubini.

Mwalimu alitazama kwa muda mrefu. "Hesabu inakataa," alisema. "Mtu wa futi sita haonekani kwa umbali huo." Akatazama tena. "Lakini nimemwona." Akaandika daftarini: saa mbili na dakika kumi na nne, mume wa Mama Vivuli, amebeba bomba, mashahidi wawili.

Msusi naye akaomba kuona. "Wa nyuma yake ni kaka," alisema. "Nywele zile nilimwambia azipunguze kabla ya safari. Hasikii."

Mwalimu aliwafafanulia kwamba wanaoonekana ukingoni ni wale ambao kwao mwezi uko karibu na upeo wa macho. Kule waliko, alfajiri ilikuwa inakaribia na mwezi unazama.

"Wanaanza kazi mapema," alisema msusi.

"Au hawajamaliza ya jana," alisema Mama Vivuli.

Kisha akauliza kama anayemwona ndiye wa sasa hivi. Mwalimu akapiga hesabu kwa vidole. Mwanga husafiri, alisema, kwenda kule na kurudi huku. Kwa hiyo walikuwa wakimwona alivyokuwa sekunde mbili na nusu zilizopita.

"Si mbaya," alisema Mama Vivuli. "Barua zake zilichukua miezi miwili."

Kivuli kikaufunika mwezi wote, ukawa na rangi ya tofali, na hapakuonekana mtu tena. Walikunja mikeka wakashuka. Msusi alikuwa na mteja wa saa moja asubuhi.

Jumatatu Mama Vivuli alilipeleka daftari ofisini. Afisa alisoma ule mstari, akauliza Mwalimu ana undugu gani na familia, akalifunga daftari kwa adabu.

"Haya ni maneno, mama. Tumesema kivuli."

"Ndicho nilichokiona."

"Kukiona si kukileta."

Ndiyo hoja ambayo yeye mwenyewe aliwapa wateja kila siku, waliokuja bila hati wakitaka awatolee kivuli cha kitu walichokiacha nyumbani.

Mwalimu alifunua majedwali yake akasema mwezi utapatwa tena baada ya miezi sita kasoro siku nne. Mama Vivuli alinunua kopo jipya la wino akaliweka chini ya kitanda. Wateja wakilalamika kwamba vivuli vinatoka hafifu, aliwaambia wasubiri. Lile kopo halikuguswa. Ilikuwa miezi mirefu. Kabla ya kumwona alikuwa amejifunza kukaa bila mumewe, kidogo kidogo, kama mtu anavyojifunza kutumia mkono wa kushoto. Baada ya kumwona alisahau yote aliyojifunza. Alimtamani mchana, kibandani, mbele za watu, mikono ikiwa kwenye karatasi. Alitamani hata yale yaliyokuwa yakimkera, taulo lake la maji juu ya kitanda, na namna alivyokuwa akigonga chuma cha kitanda kusikia kama kimekaza.

Siku ilipofika, wapangaji wa vyumba vya chini walimsaidia kuipandisha mashine. Hakuna aliyeuliza sana. Mmoja alisema tu kwamba ngazi zitengenezwe. Waya wa umeme ulipitishwa dirishani kwa msusi. Waliiegemeza mashine kwenye matofali mpaka kioo chake kikauelekea mwezi, wakafunua kifuniko. Wino mpya ulikuwa umekwisha kutiwa tangu saa kumi na mbili.

Saa tatu kasoro dakika kumi kivuli kilifika, na mafundi wakafika nacho. Mama Vivuli alibonyeza. Mwanga wa kijani ukapita chini ya kioo, ukarudi. Mashine haikukwama. Karatasi ilitoka ikiwa na joto lake la kawaida, na juu yake palikuwa na kipande cha mwezi, majukwaa yakipanda kutoka pembe hadi pembe, na watu kumi na saba. Walikuwa wakitembea. Mumewe alikuwa wa nne kutoka kushoto. Alilifikisha bomba lake mwisho wa karatasi, akarudi mikono mitupu, akachukua jingine.

Mama Vivuli alikagua kama wino umekolea sawasawa, akaona umekolea. Kisha akaibusu karatasi, mbele ya Mwalimu na msusi na wapangaji wa chini, nao wakatazama kamba za nguo.

Ofisini kwa wakala, afisa alivaa miwani. Aliiweka karatasi mezani, akamfuata yule mtu kwa ncha ya kalamu, safari moja, safari mbili.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Una uhakika, mama? Kivuli hakina uso."

Mama Vivuli akamtolea picha ya harusi, akamwonyesha bega. Afisa alilinganisha, akatikisa kichwa kukubali. "Kivuli safi," alisema. "Wengi hutuletea vitu visivyosomeka." Akafungua droo ya tatu, akatoa faili lenye jina kamili la fundi kwa herufi kubwa. Ndani yake mlikuwa na mkataba, wino wa sahihi ukiwa bado wa buluu.

"Mlikuwa nao," alisema Mama Vivuli.

"Huu ni halisi. Halisi hautoki nje ya faili. Utaratibu ni mwombaji alete kivuli." Alifunua ukurasa wa pili akasoma kwa sauti ya kawaida: muda ni miaka miwili, au mpaka jengo litakapokwisha, lolote litakalochelewa.

"Na jengo litakwisha lini?"

Afisa aliitazama tena ile karatasi. Muda ule mfupi majukwaa yalikuwa yameongezeka ghorofa moja.

"Kwa ninavyoona hapa, bado wanapanda," alisema. "Ila umetusaidia sana. Ulikuja ukisema mumeo amepotea, sasa umetuonyesha yuko kazini. Aliye kazini hajapotea. Angekuwa hayupo kazini, tungemtafuta."

Akaandika mstari mmoja, akafunga faili. Mama Vivuli alimwambia kwamba amemwangalia mumewe kwenye karatasi tangu mwezi ulipopatwa usiku wa Jumapili, usiku na mchana, na hajamwona akikaa chini, hajamwona akila wala akinywa maji. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, kwani alikuwa mtu wa adabu. Alisema malalamiko ya mazingira ya kazi huletwa na mfanyakazi mwenyewe, kwa mkono wake. Kisha, ili karatasi itambulike kwamba imepokelewa, akavuta kidau cha wino wa zambarau, akaipiga muhuri katikati, akamrudishia. Faili lililofungwa halipokei karatasi mpya.

Msusi alikwenda kesho yake na karatasi ile ile, kwa ajili ya kaka yake. Jibu lilikuwa lile lile, na muhuri hakupigiwa. Ule mmoja ulitosha.

Mama Vivuli aliibandika karatasi ukutani, upande wa kitanda aliokuwa akilala mumewe. Muhuri ulikuwa umeangukia njiani kwake. Ulikuwa duara nene, na wino wa ofisi ulipokauka ukawa na kingo. Safari ya kwanza fundi alijikwaa, bomba likamponyoka, akabaki akitazama lilikoangukia. Safari ya pili alisimama mbele ya duara, akalipapasa kwa mkono. Mama Vivuli alichukua kifutio akafuta, taratibu, asije akamgusa. Haukufutika. Akajaribu kwa pamba na maji, kisha kwa wembe, mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya, akaogopa kuitoboa, akaacha.

"Inua mguu," alimwambia. "Baba, inua mguu."

Hakumsikia. Siku ile nzima alijikwaa, na kesho yake akajikwaa mara chache. Siku ya tatu asubuhi, Mama Vivuli akifunga kanga aende kibandani, alimwona akija na bomba begani, shingo imeinama. Hatua mbili kabla ya kuufikia muhuri aliinua mguu mwenyewe, bila kutazama, akavuka, akainua na wa pili, akaendelea na kazi. Alikuwa ameuzoea.

Hapo ndipo mkewe alipokaa kitandani akalia, kwa mara ya kwanza tangu fundi aondoke.