Mkono Nyuma ya Televisheni

Saa saba kasorobo mchana, siku ya Jumamosi, Dada alikuwa amekwisha kuvaa gauni lake la kijani na ameinama kutafuta kiatu cha pili chini ya kochi, mdogo wake, Meneja, alipomwita aje ashike waya.

"Kidogo tu, Dada," alisema Meneja.

Katika nyumba ile neno "kidogo" lilikuwa na miguu mirefu. Miaka kumi na moja nyuma Dada aliitwa aje kusaidia kidogo, wifi yake alipojifungua. Zilikuwa wiki tatu. Mtoto aliyezaliwa sasa yuko darasa la tano, na Dada bado analala stoo, baina ya makopo ya rangi na feni mbovu. Binti yake mwenyewe alimwacha kwa bibi yake, akiwa na miaka kumi na moja.

Binti huyo siku hiyo alikuwa anamaliza chuo cha uuguzi. Saa nane wangeapishwa, na kila mmoja angevishwa beji na mzazi wake. Dada alimwambia mdogo wake Jumatatu, akamkumbusha Jumatano, na Ijumaa akamwambia wifi yake huku anapiga pasi gauni. Wote wawili walisema hongera. Basi la kuelekea huko lilikuwa la saa saba na nusu.

Ila Meneja naye alikuwa na lake. Alikuwa amepandishwa cheo, kazini wakamfanyia hafla, hafla ikarekodiwa, na sasa wageni kumi na wawili walikuwa wamejaa sebuleni kuitazama, akiwamo bosi wake na mke wa bosi. Tangu cheo kipya hata mkewe alimwita Meneja. Deki ya kuchezea ile sidii ilikuwa ya kuazima, televisheni ilikuwa mpya, na Meneja alijiunganishia mwenyewe. Waya wa njano, ambao ni wa picha, aliuchomeka kwenye tundu jeupe la sauti. Televisheni ikanguruma tu. Alipobadilisha ikaleta chenga, chenga tupu, kama mtu anayepepeta unga.

Fundi aliitwa. Alifanya yale ambayo fundi hufanya. Alihakikisha waya unatoka kwenye tundu la kutolea la deki na kuingia kwenye tundu la kupokelea la televisheni. Alibonyeza rimoti, akachagua mlango wa kwanza wa picha, halafu wa pili. Alisafisha vichwa vya waya kwa spiriti. Alileta waya mwingine. Chenga. Ndipo aliposema mtu ashike pale nyuma, waya unapoingia, na Meneja hakuhangaika kufikiria nani.

Dada aliposhika, picha ilitokea safi, mpaka vifungo vya makoti vilihesabika.

"Hapo hapo!" wageni walisema kwa pamoja. "Usisogee!"

Alipoachia, chenga zilirudi. Meneja alishika, zikabaki chenga. Wifi alishika, zikawa chenga zenye mistari. Walijaribu koleo, kijiko, na mgeni mmoja mnene aliyejitolea. Fundi akarudisha vifaa vyake mkobani.

"Televisheni haina tatizo, deki haina tatizo, waya hauna tatizo," alisema. "Hili nimelikuta nyumba tatu. Mtu akishikishwa vitu muda mrefu, mitambo nayo humzoea. Ni yeye tu."

"Dawa yake?" aliuliza wifi.

"Dawa yake ni ashike."

Saa saba na dakika ishirini Dada alisema anaondoka. Meneja alizunguka nyuma ya televisheni akanong'ona, "Dada, usinitie aibu mbele ya bosi. Ikiisha hotuba yangu, nenda zako." Mtu mwenye haya angeona haya. Yeye alirudi kwenye kochi akakunja nne, na basi likapita.

Aliyeshika waya haoni picha. Lakini kwenye ukuta wa mkabala palikuwa na kabati la vyombo lenye kioo, na humo Dada aliona televisheni nzima, kulia ikiwa kushoto.

Saa nane kamili hafla ya Meneja ilitoweka. Likatokea lango la chuo, na wasichana waliovaa sare nyeupe wakipanga mstari. Mmoja wao alikuwa akigeuka kila mara kutazama barabarani. Alikuwa na paji la uso la marehemu mama yao Dada na Meneja.

"Fundi, hii siyo," alisema Meneja.

Fundi alibonyeza mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kote alikuwapo msichana yule yule, anatazama barabara ile ile.

"Iache bwana," alisema bosi. "Picha safi. Nini hii?"

"Tamthilia," alisema Meneja. Meneja mwenyewe aliwahi kumbeba mtoto huyo mgongoni. Alimtazama usoni, akamwita tamthilia.

Wageni waliifuatilia. Majina yalianza kuitwa, wazazi wakajitokeza mmoja mmoja kuwavisha wana wao beji, mama mmoja akaanguka kwa furaha akainuliwa. Jina la yule msichana likaitwa. Likaitwa tena. Hakuna aliyetoka.

"Mama yake yuko wapi?" aliuliza mke wa bosi.

"Wamama wengine wana roho za jiwe," alisema yule mgeni mnene. "Siku kama hii!"

"Mtoto umzae mwenyewe, kisha usitokee? Afadhali asiyezaa," alidakia mwingine.

Mwalimu mkuu alisogea amvishe yeye. Msichana alirudi hatua moja nyuma, akachukua beji, akaitia mfukoni. Mke wa bosi alijifuta machozi akamlaani mama huyo kwa sauti.

"Mama yake ni mimi," alisema Dada kutoka nyuma ya televisheni. "Nimeshika waya."

Hakuna aliyeshtuka. Mke wa bosi aliinamisha shingo kidogo ili amwone.

"Pole sana, dada," alisema. "Basi shika vizuri, isije ikakatika kabla ya mwisho."

Hapo picha ikawa nyekundu. Ilianzia pembeni ikaenea yote: sare, lango, mbingu.

"Rangi imezidi," alisema fundi. "Tatizo dogo hilo." Akapunguza rangi mpaka sifuri, ikabaki nyekundu vilevile.

Ilipofika saa tisa na nusu hafla ya Meneja ilirudi, nayo nyekundu. Meneja mwekundu alisimama kwenye kipaza sauti. Alimshukuru Mungu, mkewe, bosi wake, dereva wake, na wote ambao kwa ufinyu wa muda hakuwataja. Dada, aliyeacha shule kidato cha pili ili huyu amalize yake, alisikiliza hotuba yote akiwa amesimama. Wageni walipiga makofi. Mkono mmoja wa Dada ulikuwa huru, angeweza kuupiga pajani, lakini hakupiga.

Aliachia waya.

"Aaa!" walisema wote, kama mtu anapovunja glasi.

"Unaenda wapi saa hizi?" aliuliza Meneja. "Si imekwisha? Umeiona yote, Dada, tena bila nauli."

Alitoa kiatu cha pili chini ya kochi, akavaa, akatoka.

Lango la chuo alilikuta limefungwa. Mlinzi alimwambia kuwa binti mmoja alikaa sana pale kwenye ngazi, mpaka gari lilipokuja kuwapeleka kwenye vituo vyao vya kazi, mbali. Alimpa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na beji.

"Kasema utamvisha ukipata nafasi," alisema mlinzi.

Asubuhi ya Jumapili, kwa basi la kwanza, Dada alirudi. Godoro lake lilikuwa stoo, na hakuna mlango mwingine duniani aliokuwa na ufunguo wake. Nyuma ya televisheni alikuta stuli, na juu ya stuli mto mpya wenye maua.

"Nimeushona mwenyewe," alisema wifi. "Sisi si wanyama, wifi yangu."

Mchana kulikuwa na mpira, na majirani walikuwa wamekwisha kualikwa. Dada alikaa kwenye stuli akashika waya, kwa sababu moja tu: kabati la kioo lilikuwa palepale, na huenda angemwona binti yake. Hakumwona. Waya aliushika kwa mkono wa kulia. Kushoto alikuwa ameifumbata beji, na pini yake imemwingia kiganjani.

Picha ilikuja safi kabisa na nyekundu pembe hadi pembe, uwanja, mpira, mwamuzi, hata timu zote mbili zikawa moja. Meneja alipiga simu kwa fundi, fundi akasema wapunguze rangi. Walipunguza. Mwanzoni walinung'unika kidogo, hawajui nani anampa nani pasi. Ilipofika mapumziko walikuwa wamezoea.