Mkwe wa Kwenye Hadithi

Kwanza tuelewane. Sioni haya kuandika kwamba mwanamke wa miaka hamsini na nne anaweza kupendwa. Hilo nitaliandika mpaka vidole vichoke, na asiyetaka asisome. Aibu yangu ni nyingine kabisa, na ilianzia ndani ya gari la mkwe wangu, njia ya Malampaka, mchana kweupe.

Jina langu la hadithi ni Nyanzala. Nyumbani mimi ni Mama Scola, mjane wa Constantine, muuza mashuka ya mitumba sokoni Bariadi. Jumatano na Jumamosi, saa nane mchana, redio moja ya hapa mjini inasoma hadithi yangu. Naiandika kwenye simu nikiwa nimekaa nyuma ya mashuka, namtumia Violeth mtangazaji, naye anaisoma kwa ile sauti yake ya kubembeleza. Inamhusu Milembe, mjane aliyeondoka kijijini kuanza maisha upya. Anapanga chumba mjini, anafungua genge la mboga, na taratibu anapendana na fundi baiskeli. Wanawake wa sokoni wanaisikiliza na kubishana mbele yangu kama Milembe ana akili au hana, nami nakunja shuka kama hainihusu.

Aliyejua kwamba Nyanzala ni mimi alikuwa Violeth peke yake. Scola, binti yangu, hakujua, kwa sababu nikimwambia Scola nimemwambia mumewe. Na mumewe, Mwandu, hakutakiwa kujua hata kidogo.

Sisi kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Najua vijana wa siku hizi wanakula meza moja na mama wakwe zao, wanataniana mpaka wanapigana viganja. Sisi bado. Mwandu ni mtu wa Mwamapalala, amelelewa kwa heshima za zamani. Hanipi mkono, hanitazami usoni, na tukikutana njiani anakaa pembeni mpaka nipite. Akiwa na neno analipitisha kwa Scola. Sasa mtu wa namna hiyo ajue kwamba fundi baiskeli anayesuguliwa mgongo redioni ameandikwa na mama mkwe wake? Nisingekanyaga tena kwake maishani. Na Scola ni mtoto wangu wa pekee, na ndiyo kwanza alikuwa amejifungua.

Alijifungua kabla ya siku tulizotegemea, kwa hiyo hakukuwa na wa kumtuma. Mwandu ana Probox ya abiria, anapiga ruti ya Bariadi, Maswa na Malampaka, basi akaja kunichukua mwenyewe. Alisimama nje ya nyumba niliyopanga, akavua kofia, akalisalimia tairi la mbele kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani mama. Nikaitikia nikiwa nimegeukia ukuta. Nikaingia kiti cha nyuma kabisa upande wa dirisha, nikajifunika kitenge kichwani. Tukaenda mpaka Maswa bila neno, na ilikuwa safari nzuri tu.

Maswa akapanda mama mmoja muuza mchele, Monika, akakaa ubavuni kwangu. Alikuwa bado hajatulia vizuri akasema, "Dereva, tuwekee redio. Saa nane hiyo, Milembe anaanza."

Jamani. Nilikuwa nimesahau kabisa kuwa ni Jumatano. Nilikuwa nimefikiria nepi, nimefikiria unga wa uji, siku ya wiki ikanitoka kichwani. Na kipande cha siku ile nilikikumbuka neno kwa neno, kwa sababu nilikipenda kuliko vyote nilivyowahi kuandika.

Violeth akaanza. Fundi ametoka kazini, mikono imejaa grisi. Milembe amempashia maji. Fundi anasema mwanamke hapaswi kumhudumia mwanaume namna hiyo, Milembe anamjibu, "Nyamaza, ugeuke," anachukua dodoki, anaanza kumsugua mgongo polepole, huku akishangaa jinsi ngozi ya mtu mwingine ilivyo ya moto baada ya miaka ya kulala peke yake. Niliona shingo ya Mwandu inakakamaa. Mkono wake ukaenda redioni, akapunguza sauti. Maskini, alikuwa anaona aibu kwa niaba yangu, kwamba mama mkwe wake anasikilizishwa mambo yale ndani ya gari lake.

"Dereva, usituharibie," Monika akasema. "Ongeza."

Nikamnong'oneza, "Mwambie aizime, mama. Kichwa kinaniuma."

"Kitapoa. Hapa ndipo patamu."

Mwandu akaongeza. Abiria amelipa nauli, angefanyaje? Nikavuta kitenge mpaka puani. Nilijipa moyo kwamba sauti ni ya Violeth, jina ni Nyanzala, na mgongo ni wa fundi. Hapakuwa na cha kunifichua. Hofu ilikuwa imenisahaulisha kilichofuata.

Milembe, akiwa bado na dodoki mkononi, anamsimulia fundi kwa nini aliondoka kijijini. Anamweleza kikao cha ukoo siku ya kumaliza msiba wa mumewe, wazee wakijadili nani amrithi. "Ndipo mkwe akasimama," Violeth akasoma, "mlevi yule, anayumba, kofia anaizungusha mkono mmoja na ubavu wa mbuzi mkono wa pili, mafuta yakimchuruzika kidevuni. Akasema, 'Mama huyu umri umeshamtupa mkono. Mwacheni akae na mbuzi wake amalizie siku.' Wanaume wote wakacheka."

Maneno yale sikuyatunga. Yalisemwa Dutwa, nyumbani kwangu, miaka mitatu iliyopita, siku tulipomaliza msiba wa Constantine. Aliyeyasema ni Mwandu, na alikuwa anaizungusha kofia yake mikononi hivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake, nikawasikia wanaume wakicheka. Nilikuwa na miaka hamsini na moja. Asubuhi ile ile nilikuwa nimejitwika ndoo ya maji kutoka kisimani bila kupumzika njiani, halafu mkwe wangu ananihesabu na mbuzi. Niliuza mbuzi wenyewe, nikahamia Bariadi, na maneno yale nikahama nayo. Nilipoanza kuandika nikamtengenezea mkwe tumbo, nikampa pombe, nikampa ubavu wa mbuzi. Kila alipotokea redioni soko zima lilicheka, nami nilisikia raha. Sitadanganya, nilisikia raha sana.

"Huyo mkwe ni zuzu wa kutupwa," Monika akasema, anacheka mpaka ananiegemea. "Eti amalizie siku. Dereva, si zuzu huyo?"

Redioni Milembe alikuwa ameinuka kikaoni na kuwapasha wazee maneno makali mpaka wakainamisha vichwa. Mwandu akavua kofia yake, akaiweka juu ya dashibodi. Akainua macho kwenye kioo cha katikati, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe Scola tukatazamana. Haikuchukua muda. Akarudisha macho barabarani.

"Abiria tushikilie," akasema. "Kuna matuta."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilifikiria kumwambia anishushe, lakini ningemwambiaje, na kwa mdomo gani? Tulipofika alishusha begi langu, akaiambia ardhi, "Karibu, mayu," akaondoka na gari. Hakulala nyumbani kwake, alienda kwa kaka yake jirani na stesheni. Scola akasema ni heshima tu, kwa sababu nipo. Mimi nilijua ni nini.

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, na hasira nyingi. Nilimshika nikawaza kwamba huenda nitamshika mara hii moja tu. Nilipika uji, nikafua nepi, nikamkanda Scola kwa maji ya moto, na kila gari lililopita nje nilishtuka. Nilikuwa nangoja kuambiwa niondoke. Ningeambiwa kwa adabu, kupitia kwa binti yangu, na ningefunga begi bila kubisha.

Keshokutwa yake Scola akatoka uani kuongea na mumewe, wakakaa huko muda. Alipoingia alikaa kitandani, akamchukua mtoto kwangu kwanza. Nikajua ndiyo hiyo.

"Mama, Nyanzala ni wewe?"

"Nyanzala gani?"

"Mama."

Nikaangalia nepi zilizokuwa kwenye kamba. "Ni mimi," nikasema. "Kama anataka niende, naenda leo. Mwambie nimeelewa."

"Hajasema uende." Scola alikuwa ananitazama kama ananiona upya, sijui kwa sababu ya fundi au kwa sababu ya nini. "Amesema nikuulize kitu. Siku ya kikao, unajua baba mdogo Yakobo alikuwa ameshaleta kitanda?"

Yakobo ni mdogo wake Constantine. Sikujua habari ya kitanda chochote.

"Alikileta na mkokoteni, akakificha nyuma ya zizi. Alimwambia Mwandu kikao kikiisha akiingize chumbani kwako, kwa sababu wewe ulikuwa umeshagawiwa. Wazee walikuwa wamemaliza kukubaliana asubuhi. Kikao kilikuwa cha kutangaza tu."

Nilikaa chini.

"Mwandu ni mkwe, mama. Angewaambia nini wazee wa ukoo wa baba? Aseme hutaki? Wangemuuliza amejuaje, wewe na yeye hamuongei. Aseme ni vibaya? Wangemtoa nje. Anasema alifikiria neno moja tu ambalo wangelikubali, kwamba wewe ni mzee na hufai kitu. Wakicheka, baba mdogo ataona haya kumtaka mwanamke anayechekwa. Ndivyo ilivyokuwa. Walicheka, baba mdogo akakirudisha kitanda chake kimya kimya." Scola akamhamishia mtoto bega la pili. "Wewe ulidhani waliacha kwa sababu gani?"

Nilidhani waliacha kwa sababu yangu. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, na hakuna kitenge cha kuifunika. Miaka mitatu nilijiambia kwamba nilikaa mkekani nimekunja uso, nikasali moyoni, wazee wakaniogopa. Nikaenda redioni nikampa Milembe hotuba ndefu ya kuwanyamazisha wanaume, wanawake wa Simiyu wakampigia makofi. Mimi siku ile sikufungua mdomo. Aliyefungua mdomo ni mmoja tu, na nilimfanya zuzu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na mimi nimejua leo. Alikuwa anaona aibu kwamba alikutukana mbele za watu. Anasema ndiyo maana kila siku anafika Bariadi lakini kwako haji."

Nikajifuta macho kwa nepi. "Amesema nini kingine?"

"Amesema maneno ni yake, hayakatai. Na hakuombi ubadilishe, abiria wanaifurahia. Ila yeye hanywi pombe, mama. Hajawahi kunywa. Amesema kama inawezekana, yule mkwe asinywe."

Hilo ndilo lililonimaliza. Mtu nimemchekesha mkoa mzima, na anachoomba ni hicho.

Nikampigia Violeth pale pale, nikamwambia kipande cha Jumamosi kisisomwe, naandika kingine.

"Mama, nimeshakirekodi," akasema. "Kile cha mkwe kutumbukia kwenye josho la ng'ombe. Nimecheka mwenyewe."

"Kifute."

"Watu wanampenda yule zuzu. Tukimtoa, nani atachekesha?"

"Sijui. Lakini hatumbukii, na kuanzia leo hanywi."

Akalalamika, nikamkatia simu. Nikaandika mtoto akiwa amelala mapajani. Kilikuwa kigumu kuliko vyote, kwa sababu hakikuwa na pa kujificha. Milembe anapata habari ya kitanda kutoka kwa binti yake. Hatoi hotuba. Anakaa gengeni mbele ya nyanya zake, anawauzia watu bila kuwaona, anamkumbuka yule mkwe alivyokuwa akiizungusha kofia, na anaona sasa kwamba hakuwa amelewa wala hakuwa na ubavu wa mbuzi. Hivyo vyote alivitia yeye mwenyewe baadaye. Anasema hajui atamwombaje msamaha mtu asiyeruhusiwa kumtazama. Hapo nilitaka kuishia, lakini nilimjua Violeth, angesusa kusoma kipande kisicho na fundi. Nikamwongeza fundi mwishoni, anakuja na baiskeli yake jioni ile, na Milembe anamfungulia. Yaliyofuata baada ya mlango niliyaandika pia. Mimi ni mwandishi, nifanyeje.

Jumamosi Mwandu hakwenda ruti. Mchana akaileta Probox uani, akaisogeza karibu kabisa na dirisha la chumba chetu, akafungua milango yote. Mimi nilikuwa ndani namwogesha mtoto kwenye beseni. Sikumwona, niliona ukingo wa kofia tu, chini ya pazia. Akawasha redio, akaongeza sauti.

Tukasikiliza, yeye nje, mimi ndani, ukuta katikati. Scola alikuwa amekaa kitandani, ameinamisha kichwa. Milembe alipofika kwenye ubavu wa mbuzi, kwamba aliutia mwenyewe, nilimmwagia mtoto maji usoni, akalia. Nikambembeleza. Milembe akasema neno lake la msamaha. Nje nilisikia kiti cha gari kikilia, kama mtu amejiegemeza.

Kisha redioni ikalia kengele ya baiskeli. Ni fundi, amefika. Milembe anajifuta mikono, anaenda kufungua.

Mwandu akazima redio. Akafunga milango ya gari mmoja mmoja, taratibu, na kutoka upande wa pili wa dirisha akaiambia bodi ya gari lake, "Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba," nikaitikia, nikamtoa mtoto majini.