Honi Moja Ndiyo, Mbili Hapana

Mwaka ule wa Uhuru ziwa lilipanda mpaka likaingia kwenye bustani za watu, na barabara ya Magu ikakatika vipande vipande. Anayepita pale leo kwenye lami, dirisha wazi, hawezi kujua udongo ule mweusi wa mbuga ulikuwaje ukilowa. Ulimeza mabasi. Ulivua watu viatu na haukuvirudisha.

Shimba alikuwa fundi katika gereji ya Makame, mjini Mwanza. Mkewe, Wilhelmina, alikuwa na mimba ya tatu. Watoto wawili wa kwanza walizaliwa wamekufa. Safari hii daktari alimlaza hospitali mapema, siku zikiwa bado, na kila Shimba alipokwenda kumwona alimwomba kitu kimoja tu: amletee mama yake. Hakulia wala hakubishana. Aligeukia ukutani akasema kwamba mara mbili alizaa bila mama, na matokeo yake Shimba anayajua.

Mama mwenyewe, Bernadeta, alikaa ng'ambo ya mbuga, mbele ya Magu, na mabasi yalikuwa yameacha kwenda tangu mwezi wa kumi na moja.

Kulikuwa na Landrova ya Makame. Shimba aliifunga magurudumu ya lori la jeshi aliyoyapata kwenye mabaki ya vita, makubwa mpaka ikabidi akate mabawa ya gari kwa msumeno yapate kuzunguka. Ikasimama juu kama twiga. Makame, mtu wa pwani aliyezeekea Mwanza, aliizunguka mara mbili.

"Msukuma akiona kitu kikubwa hudhani kimenona," alisema.

"Na wewe ukiona tope hudhani ni bahari. Kaa hapo usubiri upepo."

Makame alicheka zaidi siku ya pili, maana gari lilifika Kisesa tu, nje kidogo ya mji. Magurudumu makubwa ni mzigo. Injini ilikosa pumzi kwenye kila kilima, klachi ikanuka, na mwisho ekseli ikakatika kwa mlio kama wa bunduki. Shimba alirudi kwa miguu amebeba vipande vya ekseli begani.

Hapo ndipo alipofanya kazi ya kweli, siku tano mfululizo. Alitafuta ekseli nene zaidi. Kisha akaenda kwa Antoni, mtunza vyuma chakavu kwenye kinu cha pamba, kutafuta difu, yale masanduku ya gia ya katikati ya ekseli, zenye gia nzito, za kuzungusha gurudumu polepole lakini kwa nguvu. Ilibidi apate mbili, ya mbele na ya nyuma, na ziwe sawasawa. Antoni alimtolea mbili zenye kutu ileile na akaapa kwamba zilitoka tumbo moja. Shimba aliizungusha ya kwanza kwa mkono, akahesabu: mizunguko mitano na karibu nusu ya shafti, fimbo ya chuma iletayo nguvu kutoka injini, kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Nzuri sana. Ya pili hakuihesabu. Asubuhi ileile ujumbe ulikuja kutoka hospitali kwamba miguu ya Wilhelmina imevimba, akaona pacha akishahesabiwa mmoja, wote wamehesabiwa.

Alifunga difu zote mbili. Makame alimkabidhi ufunguo, akalazimisha yale magurudumu mawili madogo ya zamani yawekwe nyuma kama akiba, akamwambia aendeshe kwa heshima, gari lile litarudi na mkwe ndani.

Na hilo la mkwe halikuwa mzaha. Vijana wa mjini walikwisha kuilegeza mila, lakini Bernadeta alikuwa mtu wa kale. Kwake yeye, mama na mume wa bintiye hawatazamani, hawatajani majina, hawasemezani uso kwa uso. Neno likiwapo hupitishwa kwa mtu wa tatu. Tangu amwoe Wilhelmina, Shimba hakuwahi kuona zaidi ya mgongo wake.

Kwenda kulikwenda vizuri. Kwenye mbuga alivuta mti wa gia ili magurudumu yote manne yavute, na Landrova ikaogelea kwenye tope, ikatokea moja kwa moja kwenye majani mabichi ya nyumbani kwa mkwe. Wanaume wote walikuwa wamepeleka ng'ombe malishoni ya juu. Hakukuwa na mtu wa tatu wa kuwasindikiza. Bernadeta alifikiri kidogo. Kisha akajifunika khanga kichwani, akapanda nyuma, akakaa juu ya yale magurudumu ya akiba akiwa amempa Shimba mgongo.

Walikwenda mwendo mrefu. Kisha sauti ikatoka nyuma.

"Gari, nakuuliza wewe. Mwanangu yu hai?"

Shimba alishika usukani. Kumjibu hakuweza, na kutomjibu hakuweza. Akabonyeza honi, mara moja.

"Anakula?"

Honi, mara moja.

"Anaogopa?"

Shimba akachelewa. Akabonyeza mara moja.

Hivyo ndivyo walivyoongea kuvuka mbuga nzima. Moja ndiyo, mbili hapana. Wachungaji waliosimama mvuani walidhani dereva amepata wazimu.

Tope liliisha, gari likapanda kwenye changarawe ngumu, na hapo mambo yakaharibika. Landrova ilianza kurukaruka kama punda aliyefungwa kamba mguuni. Chini kulikuwa na mlio wa chuma kikiumia. Shimba alijaribu kurudisha mti wa gia, ukakataa. Akarudi nyuma hatua chache, ndipo ukaachia. Akaendelea kwa magurudumu ya nyuma peke yake mpaka kwenye korongo.

Korongo lile lilikuwa na maji ya magotini na ukingo mkali wa mawe, aliouteremka tu wakati wa kwenda. Alijaribu kupanda kwa magurudumu mawili. Yakateleza, gari likarudi. Akavuta yote manne. Likaruka, likaguna, likatetemeka mpaka akazima haraka. Akilazimisha, gia boksi itapasuka, na wao watabaki pale. Kutoka pale mpaka Mwanza ni mwendo wa siku mbili kwa mama wa umri ule, na Wilhelmina hakuwa na siku mbili.

Alijua. Alikaa kwenye mawe akajua kabisa ni nini: ile difu ya pili. Lakini ilimpasa ahesabu, na kuhesabu kulitaka watu wawili: mmoja chini ya gari, mmoja kwenye gurudumu. Akainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, akachora alama ya mkaa kwenye shafti, akalala chali kwenye maji machafu.

"Gari," alisema, "lau angekuwapo mtu wa kuzungusha gurudumu hili mara mbili, polepole."

Aliona miguu miwili ikishuka, bangili za shaba vifundoni. Gurudumu likaanza kuzunguka. Akahesabu: tano na karibu nusu, maana mwenzake akiwa bado chini, mizunguko miwili ya gurudumu moja ni sawa na mmoja wa yote mawili. Wakahamia mbele, wakafanya vilevile. Nne na chini kidogo ya robo tatu.

Alibaki amelala, maji yakimwingia masikioni. Difu moja aliyoiacha bila kuihesabu. Akaliambia gari, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwambia, kwamba miguu ya mbele inakimbia na ya nyuma inatembea, na imefungwa nira moja, tope huisamehe kwa kuteleza lakini mawe hayasamehi, na kosa ni la fundi.

Mama akasema, akitazama upande wa maji:

"Gari, mimi nimelima na ng'ombe miaka thelathini. Ng'ombe mwenye mbio hatua zake hufupishwa. Wewe una miguu mifupi miwili. Mbona naikalia mimi?"

Shimba alijigonga kichwa kwenye ekseli.

Aliyafunga yale magurudumu madogo mbele, makubwa yakabaki nyuma, kama trekta. Gurudumu dogo likizunguka haraka na kubwa likizunguka polepole, yote hufunika ardhi ileile. Akavuta mti wa gia, akakanyaga mafuta taratibu. Landrova iliinamisha pua kama mbuzi anayekunywa, ikapanda mawe yale bila kuruka hata mara moja.

Waliingia Mwanza alasiri. Vijana walikuwa wakifunga makuti na bendera njia nzima, zilikuwa zimebaki siku chache kufika sikukuu ya Uhuru, na watu walipoliona gari lile limeinua makalio juu walishangilia wakidhani ni sehemu ya sherehe. Bernadeta alishuka hospitali na fimbo yake, hakugeuka nyuma. Kesho yake, adhuhuri, Wilhelmina akajifungua mtoto wa kike. Alilia kwa nguvu. Shimba alisimama nje ya dirisha akisikiliza kilio kile, akatamani kisikome.

Mtoto alipewa jina la bibi yake, na kwa kuwa Shimba hawezi kulitamka, alimwita Bibi.

Landrova haikubadilishwa tena. Makame aliliona lile umbo, akasema kazi ya Kisukuma huanzia nyuma, akaliacha hivyohivyo. Kila baada ya mavuno Bernadeta alikuja mjini, akalikuta limeegeshwa mbele ya gereji, akasimama ubavuni mwake na kuliuliza habari za nyumba, mvua, mtoto. Shimba aliingia, akakaa kwenye usukani, akajibu kwa honi. Wapita njia walizoea.

Mwaka wa tatu Makame aliliuza kwa watu wa Ukerewe, likavushwa ng'ambo. Mavuno yale mama alikuja kama kawaida. Alikuta mahali pale patupu, na doa la oili mchangani. Alisimama muda mrefu na fimbo yake. Shimba alikuwa mlangoni, spana mkononi, hajui aingie au atoke.

Bernadeta alivuta khanga mpaka machoni, akageuka nusu.

"Shimba," alisema. "Hamjambo nyumbani?"

Mkono wa kulia wa Shimba ulikuwa umekwisha kuinuka wenyewe, unatafuta honi.